Baba, Mkono Wake na Mashine Iliyogoma Asubuhi

Kitufe cha kompyuta yangu kikigoma, siiti fundi kwanza. Namwita mtu yeyote aliye karibu, hata kama ana unga mikononi, nikitaka abonyeze yeye. Wanangu hunicheka. Wacha wacheke. Wao hawakumwona baba yangu kiangazi kile cha Kindu, tulipokaribia kuuza kitu kilichokuwa kinatulisha kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kukigusa.

Baba alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na reli. Alikuwa karani wa stesheni. Treni zilipopungua, naye akapunguzwa. Alichobaki nacho ni mashine ya kuchapia, nyeusi, nzito, akaiweka juu ya meza barazani kwetu, hatua chache kutoka relini. Hapo alichapa kila kitu ambacho watu walitaka kikubalike ofisini: maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, malalamiko ya watu wa mji wa Kama juu ya mashimo yao ya dhahabu. Wakati ule wa chama kimoja, hata kibanda cha kuuza chumvi kilihitaji karatasi, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono ilirudishwa bila kusomwa. Kwa hiyo tulikula.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mashine haiguswi. Mama, ambaye hakumwogopa hata mkuu wa mtaa, alikuwa akifagia akiizunguka kwa mbali. Mimi nilikuwa kifungua mimba, msichana wa sekondari, na ruhusa yangu ilikuwa kuifunika kwa kitambaa, basi. Baba aliamini kuwa kidole kigeni kinaharibu mashine. Nasi tuliamini kwa sababu baba aliamini.

Kiangazi kile ukungu wa mto Lualaba ulipanda mpaka barazani, na asubuhi watu walitembea wamejifunika vitenge hadi masikioni. Nikiwa bado kitandani nilisikia kwamba mwendo wa baba wa kuchapa umeharibika. Alipiga, akanyamaza, akapiga tena kwa hasira, kisha kimya. Nilichungulia nikamkuta anautazama mkono wake wa kushoto. Baadaye akaanza kuomba maji ya moto na kuuloweka. Siku nyingine aliupasha moto juu ya mbabula, jiko la makaa la mama, akisema ni baridi tu. Jua likishapiga barazani, kila kitu kilikuwa sawa. Baba alichapa kwa mbio zake za zamani, huku akiimba. Kesho yake asubuhi, yale yale.

Akaanza kutembea na mkono ule mfukoni mwa abakosti yake, koti lisilo na tai ambalo kila karani alilivaa siku zile. Wateja wa asubuhi aliwaambia warudi mchana. Wengi hawakurudi.

Aliniambia siku tuliyotoka bandarini kupokea gunia la mihogo. Alilibeba kwa mkono wa kulia, akasimama njiani kupumzika.

“Mwanangu, hii mukono inaanza kufa. Vidole vya huku vinakosa nguvu. Napiga, havifike.”

“Lakini muchana unachapa muzuri, papa.”

“Njo vile ilianza kwa kaka yangu. Mukono ilikuwa inalala asubui, inaamuka muchana. Kisha siku moja haikuamuka tena.”

Nilimjua kaka yake huyo, baba mkubwa aliyekuwa Kasai, amekaa kitini upande mmoja umekufa, akilishwa na wakeze. Baba alisema atauza mashine mapema, kabla mji haujajua kwamba karani wake hana mkono. Kisha akasema, “Usiambie mama yako.” Sikumwambia mama.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la sabuni na nguo na lori linalokwenda Lubutu. Alikuja asubuhi na mapema, lori likinguruma barabarani. Baba alikuwa amevaa abakosti iliyopigwa pasi, mkono wa kushoto mfukoni. Mgeni aliizunguka mashine kama anayenunua mbuzi, akainama, akachungulia chini, akatia karatasi. Akaanza kubonyeza upande wa kulia kwa kidole kimoja. Vizuri. Akahamia kushoto. Kitufe kikashuka taratibu, nyundo yake ya herufi ikainuka nusu ya njia, ikakwama hapo.

Akajaribu cha jirani. Kikafanya vilevile.

“Papa, mashini yako iko na shida,” alisema, akikunja uso kama mtu anayetaka bei ishuke. “Huku haipige.”

“Huku wapi?”

“Huku, kushoto.”

Baba akatoa mkono mfukoni bila kujijua. “Piga tena.”

Mgeni akapiga. Ikakataa.

“Tumia kidole kikubwa.”

Akatumia gumba. Ikakataa pia. Na baba yangu, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu asubuhi kwa majuma, akaanza kucheka.

Mgeni naye alikuwa mnunuzi hodari, hakuacha kuikosoa. Hii mbaya, na hii, hii ndiyo mbaya kupita zote. Kila kosa alilotaja lilimwongezea baba furaha.

“Mubaya kabisa?” baba aliuliza, kama anayeomba aongezewe chai.

“Mubaya kabisa, papa. Siwezi kukudanganya.”

“Mungu akubariki.”

Mgeni alinigeukia mimi, akitaka kujua kama mzee wangu ni mzima. Lakini baba alikuwa ameniita. “Kuja. Piga na weye.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa. Nilibonyeza, kitufe kilikuwa cha baridi, kizito, kinanata. Nyundo ikakwama nusu ya njia. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. “Si mukono, papa! Njo mashini!”

Mama alitoka mbio uani, chupa ya mawese mkononi. Alikuwa anaipasha moto kando ya mbabula, maana asubuhi za kiangazi mawese huganda na hayamwagiki. Baba akamwita naye aje abonyeze. Mama hakusogea. Aliitazama mashine, akaitazama chupa, akaitazama tena mashine.

“Baba Watoto,” akasema, “njo mimi nilifanya.”

Ikatoka yote. Mvua za mwisho, baba alilalamika kwamba mashine inalia na ni ngumu, na mafuta ya mashine yalikuwa hayajaletwa na treni tangu lini sijui. Kwetu bawaba ya mlango ilipakwa mawese, na baiskeli pia. Basi Jumamosi moja, baba alipokwenda salongo, zile kazi za lazima za kufagia mji, mama alichukua unyoya wa kuku na mawese aliyoyachuja kwa kitambaa. Alianza kushoto. Kabla hajafika katikati akasikia baba anakohoa njiani, akafunika, akakimbia.

“Sababu gani haukuniambia?” baba aliuliza.

“Ulikataza tusiiguse! Na weye, maji ya moto kila asubui, ni ya nini?”

Baba akautazama mkono wake. Nikamweleza mama mimi, habari ya mkono na ya kaka yake. Mama aliketi pale pale kwenye ngazi, akaushika mkono wa kushoto wa baba kwa mikono yake yote miwili yenye mafuta, akalia huku akimtukana kwa Kitetela, lugha ya kwao, ambayo mgeni hakuijua, kwa bahati njema.

“Sasa, papa, bei tunapunguza?” mgeni aliuliza.

“Haiuzwe.”

Alikunywa kahawa yetu akiwa amenuna, akaenda zake Lubutu. Sisi tuliiosha mashine kwa mafuta ya taa, unyoya ule ule, tukaianika juani. Mchana ilichapa vizuri, lakini mchana ilikuwa inachapa vizuri siku zote. Mashine ilikuwa na ugonjwa, hilo tulilijua. Mkono hatukuwa bado tumeuuliza.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Baba aliniita barazani. “Piga weye kwanza.”

Nikabonyeza vitufe vya kushoto, kimoja kimoja. Vyote viligonga karatasi. Baba akaketi, akaweka kidole kidogo cha mkono wa kushoto juu ya kitufe. Kule uani mama alikuwa ameacha kutwanga sombe, yale majani ya mihogo.

Nyundo ikagonga karatasi. Baba akapiga tena, kisha kingine, kisha vidole vyote vikaondoka pamoja kwa ule mwendo wao. Nikasikia mchi wa mama unaanza upya.