Mzigo wa Kompyuta ya Atupele

Atupele alikuwa mpiga video wa harusi na misiba. Ofisi yake pale Msasani, Tukuyu, ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kamera mbili na kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo alimobaki kaka yake Ackson akiwa hai: amesimama ukumbini siku ya harusi yake, kashika kipaza sauti, anatoa neno la shukrani.

Mama yao hakuwahi kulisikia neno hilo. Siku ya harusi alikuwa amelazwa, na alipopata nafuu, nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Atupele akawa anamwambia, "Nitakuletea, mama, kazi za wateja zikipungua." Hazikupungua. Mvua za mwaka huu Ackson akashikwa na nimonia, hata wiki hakumaliza. Wakamzika Mpuguso, kando ya migomba ya baba yao.

Ilipokaribia siku ya kuweka msalaba kaburini, mama akapiga simu. Ameazima televisheni kwa jirani, anataka kumsikia mwanawe.

Siku hizohizo kompyuta ikaanza kusuasua. Ukifungua faili moja unaweza kuchemsha chai ukainywa, bado haijafunguka. Atupele akatazama kidirisha kinachoonyesha hali ya mashine. Prosesa ilikuwa karibu haifanyi kitu. Chini yake palikuwa na namba nyingine, ya mzigo wa mfumo, nayo ilikuwa imepanda kuliko alivyowahi kuiona. Hakuielewa. Alichoona ni kwamba prosesa haijaelemewa, basi mashine ni nzima, labda imejaa takataka tu. Akawasha programu ya kukagua na kusafisha faili zote, akaiacha ipekue, yeye akaenda Kiwira kurekodi kipaimara.

Aliporudi kioo kilikuwa kimeganda. Ndani ya boksi mlitoka mlio mkavu, kama ukucha unaogonga bati.

Akaifunga kompyuta kwenye kitenge, kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yameanza, akaipeleka kwa Naseeb, fundi wa kompyuta karibu na soko.

"Dada, kabla ya kuganda uliangalia mzigo?" Naseeb aliuliza.

"Niliangalia. Ulikuwa juu, lakini prosesa imekaa tu. Nikajua hakuna shida, nikawasha programu ya kusafisha faili zote."

Naseeb akavuta kiti. "Wengi wanadhani ni kitu kimoja. Matumizi ya prosesa ni kama kutazama mashine ya kusaga inazunguka kiasi gani. Mzigo ni foleni nzima, pamoja na kazi zinazosubiri diski izisomee data. Ukiona foleni ndefu na mashine haisagi, ujue mahindi hayafiki. Diski yako ilikuwa inakufa, dada. Ulipoiamuru isome kila kitu, ndiyo ikaishia hapo."

"Kwa hiyo ningeizima mapema…"

Naseeb alikuna kidevu. Hakupenda kumwongopea mteja, lakini hili alitamani kuliruka. "Huenda tungepata vingi. Siwezi kukuhakikishia."

Alihangaika nayo siku kadhaa. Akaokoa harusi mbili za wateja na mazishi ya mtu wa kule kijijini Ushirika. Video ya Ackson ilifunguka pia: akanyanyuka kitini, akarekebisha tai, akaleta kipaza sauti mdomoni, akatabasamu. Hapo ikakatika. Baada ya hapo palikuwa peusi, na hapakusikika hata mkwaruzo.

"Hakuna nakala mahali pengine?" Naseeb aliuliza kwa upole.

Diski ya nakala ilikuwepo. Ilijaa kazi za wateja. Kazi yake mwenyewe Atupele aliiweka ya mwisho siku zote, kwa kuwa yenyewe haikuwa na mtu wa kuidai.

Alikwenda Mpuguso akiwa na kile kipande kifupi kwenye flashi. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Atupele alimweleza yote palepale, akiwa bado amesimama. Mama hakufoka. Alisogeza ungo, akampisha mwanawe akae.

"Ndaga, mwanangu, asante umekuja mwenyewe kuniambia," alisema. "Basi nisimulie wewe. Si ulikuwepo? Alisemaje?"

Atupele alijaribu kukumbuka. Siku ile alikuwa nyuma ya kamera, jicho lake kwenye mwanga wa ukumbi uliokuwa hafifu, akili yake kwenye betri iliyokuwa inaisha. Maneno alijua yanaingia kwenye mashine, akajiambia atayasikiliza baadaye.

"Aliwashukuru wapishi," alisema hatimaye.

"Na mimi je? Alinitaja?"

"Sikumbuki, mama."

Mama alitikisa kichwa polepole, akaurudisha ungo mapajani. Walichambua maharage pamoja mpaka yakaisha, na televisheni ya jirani ikabaki ndani, imefunikwa kitambaa, hakuna aliyeiwasha.