Mtoto wa Koti la Kijani Upande wa Mbwa Wadogo

Mwanangu wa miaka minne alinipotea mchana kweupe, kati ya watu thelathini wanaonifahamu, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Naandika ili mzazi mwingine ashtuke mapema.

Uwanja wetu wa mbwa hapa Belgrade uko nyuma ya maghorofa. Mbwa wakubwa huku, wadogo kule nyuma ya ua wa miti. Ukishafunga geti, unamfungua mbwa kamba. Humo haitwi mtu kwa jina lake. Mimi ni Mama Medo.

Medo ni mbwa.

Jumapili ile Bela, mbwa wa jirani, alitimiza miaka saba. Ikaletwa keki ya maini, na rakia, pombe kali ya matunda, ya sisi watu. Tukaimba. Nikampiga Medo picha na kofia yake, nikaituma kwenye kundi letu la simu, nikajibu na ujumbe wa watu humo.

Kugeuka, mwanangu Dunja hayupo.

Nikaita mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja mstaafu, Baba Reks, tuliyekaa naye benchi moja miaka mitatu, akaniuliza taratibu, "Dunja ni mbwa wa aina gani?"

"Ni binti yangu, mzee."

"Kumbe una mtoto, Mama Medo?"

Nje ya geti inapita tramu.

Mama Bela alishawapigia polisi. "Wanauliza amevaa nini."

Medo: mkanda mwekundu, kilo thelathini na moja, kachanjwa Jumanne. Hayo yote yalinijia. Ya Dunja, hamna. Asubuhi alivaa mwenyewe, mimi nilikuwa nachana manyoya ya Medo.

"Sijui," nikasema.

Nikafungua kundi niombe msaada. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe wa nusu saa nyuma: "Kuna mtoto wa koti la kijani upande wa mbwa wadogo. Hana mtu. Sheria inaruhusu?"

Majibu arobaini, wanabishana sheria.

La kwanza lilikuwa langu: "Wazazi wengine bwana, sijui huzaa ya nini."

Nilimkuta kakaa chini, kijibwa kimelala mapajani pake.

"Mama, huku ndiko kwa wadogo," akasema.

Koti la kijani nilimnunulia mimi.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamcheka mama wa mtu kwenye simu, inua macho umtafute wako.