Bibi wa Kinavajo na Sabuni

Nilipokuwa nikifanya kazi katika nyumba ya wazee huku Stratford, nilimwangalia bibi mmoja wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Aliolewa na Mwingereza, akaletwa London angali kijana, akazaa binti mmoja. Mume alikuwa keshakufa. Ugonjwa wa kusahau ulipomkolea, Kiingereza kilimtoka chote, kikabaki Kinavajo, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Alikuwa mpole, ila nikishika sabuni tu, hukaza midomo, akajikunja ukutani akitetemeka.

"Bibi, nakuosha uso tu," nilimbembeleza kwa Kiswahili, maana kwake lugha zote za watu zilishakuwa sawa.

Nikamuuliza binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifanya kazi ofisini Croydon.

"Serikali ya huko Amerika ilimchukua kwao angali mdogo, ikampeleka shule ya bweni," akasema. "Wakamkata nywele. Ukisema lugha ya kwenu, unasuguliwa ulimi kwa sabuni. Ndiyo maana mimi hakunifunza hata neno."

"Na wazee wake walikubali?"

"Wangefanya nini? Serikali ilikwishawaua kondoo wa bibi yangu, mamake mama, eti wamezidi, wanamaliza majani. Walipigwa risasi mbele ya macho yake, wakaachwa waoze."

Sabuni nikaiacha. Nikawa namfuta kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Kutetemeka kukapungua, lakini maneno yakazidi. Alinishika mkono, akisema na kusema, akinikazia macho kama mtu anayeomba kitu. Nikaleta maji, akayasukuma. Nikaleta blanketi, akalisukuma. Nikafungua dirisha, akaendelea kuomba. Nikirudi nyumbani nilikuwa siwezi kula. Wanangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza; nilikuwa nikiwatazama na kuogopa uzee wangu.

Mwishowe binti alimpata jamaa yao huko Arizona, Amerika, mzee anayeijua lugha, tukampigia simu ya video. Mzee akamwamkia kwa Kinavajo, polepole. Bibi akashtuka. Akatazama mlangoni, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, mjibu!" binti akalia, kwa Kiingereza. "Hakuna atakayekupiga!"

Hakuiondoa mikono mpaka simu ilipokatwa.

Baada ya hapo hakuinuka tena kitandani. Alifariki mchana mmoja, mimi nipo ubavuni pake, binti bado yumo kwenye treni. Alipofika, aliketi kitandani bila kuvua koti.

"Alisema chochote?"

"Alisema mengi. Neno moja alilirudia sana."

"Neno gani?"

Nilijaribu kulitamka. Lilianzia kooni, mahali ambapo ulimi wangu haufiki, likatoka limeharibika. Akanishika mikono yote miwili.

"Jaribu tena, dada. Tafadhali, jaribu tena."