Kigelegele Changu Ndani ya Wimbo wa Mwanangu

Haya jamani, nyinyi wa karibu na sufuria sogeeni, na nyinyi wa mlangoni fungeni, baridi hiyo itatugandisha hata maneno. Leo nawapa habari ya ule wimbo wa mwanangu, maana nasikia kila mtu anausimulia kivyake, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Mimi shule sikukaa, lakini kwa vigelegele nina digrii. Harusi zetu watu wa pwani hapa Minnesota, bibi harusi hatolewi ndani mpaka nifike. Nikipiga kimoja Frogtown, mbwa wa mji wa pili, Woodbury, wanaamka. Siku moja nilipiga, theluji yote ikaporomoka kutoka juu ya paa ikamfunika baba wa bwana harusi. Tulimchimbua kwa sepetu.

Sasa, mwanangu wa kike ana bendi. Magitaa, makelele, nywele zimewasimama wote. Wanapigia besimenti, chini ya jiko langu, na wakianza, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Jumamosi moja mchana mimi nakaanga sambusa za oda, wao huko chini wanarekodi. Mara ukaja wimbo mmoja wa polepole. Kiingereza cha nyimbo mimi sikijui, lakini ile sauti ya mwanangu, wallahi, iliniachisha sambusa zikaungua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyependa akapendwa. Alipomaliza, mdomo haukuniuliza. Nikaachia kigelegele, kile chenyewe, cha kumtoa bibi harusi.

Nikasema, haya, nimeharibu. Mwanangu akapanda ngazi peke yake.

"Mama, kimeingia kwenye rekodi."

"Kifute basi. Pole, mwanangu."

"Sitaki kukifuta." Anavutavuta mkono wa sweta. "Lakini lazima ujue kwanza. Huu wimbo nimemwimbia msichana. Nampenda. Na wenzako wote wanakijua kigelegele chako. Wakikisikia, watasema umetubariki. Ukisema nikate, nakata. Sitakasirika."

"Msichana gani?"

"Yule mpiga ngoma wetu."

"Huyu anayenimalizia sambusa?"

"Huyo huyo."

Nikazima jiko. Hapa siwadanganyi, na mnajua mimi hudanganya kila mahali. Niliogopa. Niliziona simu za harusi zimenyamaza, niliwaona kina mama wananipa mgongo, na mimi bila wale kina mama katika nchi hii ni nani? Halafu nikamtazama. Mtoto huyu kwa miaka nikimuuliza habari zake ananijibu neno moja la Kiingereza, anafunga mlango. Leo kasimama mbele yangu na Kiswahili chake cha kuokoteza, ananipa kisu nikate mwenyewe.

"Kiache," nikasema. "Sijawahi kumpigia mtu kigelegele halafu nikakirudisha. Na mwambie mwenzako apande ale. Tano tu!"

Akanikumbatia pamoja na unga wangu wote. Alikula kumi na moja yule msichana.

Wimbo ukatoka, redio ya hapa hapa mjini ikaupiga. Nilikuwa naendesha gari Eden Prairie, nikashusha vioo vyote na baridi ile ya kuvunja meno. Taa nyekundu, nikamgeukia mzungu wa gari la pili: "Huyo ni mwanangu! Na huyo wa mwishoni ni mimi!" Alipandisha kioo chake, maskini, lakini kichwa kilikuwa kinamcheza.

Ikafika harusi ya Woodbury. Naingia, vichwa vyote vikanigeukia. Mama mmoja, tuliyemwoza mwanawe mwaka jana, mwenye sauti ya amri, akanijia moja kwa moja.

"Dada. Ule wimbo wa redioni, mwishoni ni wewe?"

Nikainyoosha shingo.

"Ni mimi. Anayeimba ni mwanangu, na aliyeimbiwa namjua, anakula kwangu. Nilikipiga kwa roho moja, na leo ukitaka nakipiga tena."

Akashika kiuno, akanipandisha kwa macho, akanishusha, kisha akalipuka ukumbi mzima ukasikia:

"Kumbe unacho cha namna ile! Na mwanangu mimi ukampigia kile kifupi kama chafya?"