Nilisema Ni Jicho, na Nilijua Ni Tairi

Nimekosa, wallahi nimekosa, na aliyelipia kosa langu yuko kaburini. Jina sitaji. Mimi ni fundi gari hapa Wete, na ukinijua basi nakuomba ujifanye hunijui.

Mdogo wangu wa kike, nitamwita Time, anasomesha skuli upande wa Makangale. Alipotaka gari, mimi ndiye niliyemchagulia. Nikavuka mpaka Unguja, nikamletea gari ya juu, mtumba wa Japani, nyeupe pe. Siku nilipoishusha nilijitapa mbele ya mama, wakwe zake na majirani: "Hii ni kama mpya! Tazameni tairi, meno yake, kashata nene, utasema hazijawahi kugusa njia!" Wakanisifu sana. Ah, sifa zile!

Mvua za vuli zilipoanza, Time akaja gereji uso umemshuka.

"Kaka, gari hino yanikataa. Njia ikiwa kavu haina neno. Ikirowa tu, nakata usukani, yenyewe yenda itakako."

"Wapunguza mwendo?"

"Napunguza! Mie si ntoto, kaka."

Nikaipiga jeki. Bolijointi nzima. Bushi, shokapu, breki, kila kitu sawa. Nikaiendesha mpaka bandarini na kurudi, jua kali, ikaenda vizuri. Ndipo nikainama kwenye tairi nikazibonyeza kwa ukucha. Ngumu kama kifuu! Ubavuni zina nyufa nyembamba. Nikafuta tope, nikasoma zile tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi zilikuwa na miaka kumi na nne. Kashata ipo lakini mpira umekufa, na mpira wa namna hiyo kwenye maji haushiki lami.

Nilijua. Nisikilizeni vizuri, nilijua pale pale!

Lakini ningesemaje? Tairi zile zile nilizozisifu mbele ya wakwe! Wangesema fundi gani huyu. Nikasimama, nikajifuta mikono, nikamwambia: "Gari haina kitu. Ni wewe tu mwanamke unayeendesha gari kama hii mtaani kwenu. Macho ya watu hayo, mdogo wangu."

Neno hilo likamfikia mama, na mama akishasikia habari ya jicho hatulii. Akaitwa Maalim. Aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa marashi, kombe likawa tayari. Ukanyunyizwa usukani, vikafuata viti na boneti. Mimi ndiye niliyeshika bakuli! Tulipofika kwenye tairi, Maalim akanizuia mkono: "Hapo hapana, fundi. Hizo zakanyaga najisi." Kisha akamuusia Time asiiendeshe gari ile bila udhu.

Mvua zikakatika, kiangazi kikaingia. Gari ikatulia, kwa nini isitulie na njia kavu? Time akafurahi, akawa ananiombea dua. Nikajiambia nitamtafutia tairi nyengine kabla ya masika. Kila wiki nikasema wiki ijayo.

Masika yakanitangulia. Asubuhi moja mama alimtaka Time ampeleke kwenye khitma Mgogoni. Mvua ya kwanza, lami imerowa, mteremko wenye kona. Gari ikaenda ubavu ubavu mpaka kwenye mkarafuu, upande aliokaa mama. Hakufika hospitali. Inna lillahi!

Gari ilipovutwa mpaka gereji kwangu, hata sijalia, nilizifungua zile tairi nne nikazificha. Hebu fikirini! Mama yangu hajazikwa, na mimi nina spana mkononi.

Tangu siku ile, mvua ikipiga bati la gereji huiweka spana chini. Namsikia mama akiuliza, "Gari ya mdogo wako ishapona?" Aliniuliza hivyo kila Ijumaa, nami nikamjibu imepona.

Mafundi wenzangu, mtu akikwambia gari yake inamkataa kwenye mvua, mwamini. Usiridhike na kashata, soma na umri wa tairi. Na ukiwa ulikosea, sema siku hiyo hiyo, aibu ikiwa bado ndogo. Mimi nililificha kosa langu nyuma ya maneno ya Mungu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yote!

Time haendeshi tena. Sikukuu iliyopita alikuja kwangu, akakaa chini kwenye mkeka, akanishika magoti.

"Kaka, nipe radhi. Siku ile n'likuwa sina udhu. N'liona twachelewa, n'kasema potelea mbali. Mama nimemuua mie."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua. Mke wangu akaingia na chai, watoto nyuma yake na nguo zao mpya, wote wakasimama wakinitazama nitajibu nini.

"Nimekusamehe," nikamwambia. Akaubusu mkono wangu.