Laptopu Iliyokufa Kila Ilipolala

Baba yangu aliandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, maana mkono wa kulia uliondoka pamoja na ulimi wake siku alipoangushwa na kiharusi katikati ya majani chai. Akili ilibaki timamu kabisa. Alijua ng'ombe yupi amekamuliwa vibaya, alijua nani amechuma majani makubwa yatakayorudishwa pale kituoni yanakopimwa, na mama akinung'unika chini chini alisikia. Ila akitaka kusema, kilichotoka ni mvumo tu kama wa maji yakianza kuchemka. Basi nikampa laptopu yangu, ile ninayofundishia kompyuta shuleni, nikakuza herufi mpaka zikawa kubwa kama maharagwe, na mzee akarudi kuongea na sisi. Neno lake la kwanza kwenye skrini lilikuwa CHAI. La pili lilikuwa SUKARI. Haki, nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kuna nini.

Ilipofika likizo, wakwe wakatuma ujumbe kwamba watakuja kwa koito, ile siku familia ya mwanamume huja nyumbani kwa msichana kuzungumza na kukubaliana. Msichana ndiye mimi. Mwanamume wangu ni mtoto wa watu waliotoka milima ya magharibi zamani kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, na mpaka leo wako huko. Wao hawajui Kipsigis, sisi hatujui lugha yao, kwa hivyo siku hiyo ingekuwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Baba alipoelezwa, akaandika: NITASEMA MIMI.

Shida ni kwamba ndugu yake, baba mdogo wangu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, alikuwa ameshajipa kazi hiyo. Si kwa ubaya. Kwetu mzazi akishindwa kusema, ndugu husema kwa niaba yake na hakuna anayeshangaa. Lakini mimi nilitaka neno la baba. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kusikia sauti yake, na sikutaka kutoka kwetu na neno la kuazima.

Ndipo apdeti ikaja. Haikubisha hodi. Mchana mmoja laptopu ikaandika kwamba inajisasisha, tusiizime, ikazungusha vile vidoti vyake mpaka chai ikapoa. Ilipomaliza ilikuwa nzuri tu, rangi mpya, vitu vimehamishwa kama jikoni ambako shangazi amekaa wiki. Nikairudisha kwa baba pale barazani, akaanza kuandika neno lake la koito.

Ubaya ulitokea alipofunga kifuniko. Laptopu ukiifunga hivyo husinzia tu, na ukiifungua unakuta kazi yako palepale ulipoiachia. Hii yetu sasa ilikuwa inakufa. Unaifungua, skrini nyeusi tii, feni inavuma, halafu inaanza upya kama imenunuliwa jana. Yote ambayo mtu hakuyahifadhi yamekwenda na maji.

Na baba hakuwa anahifadhi. Kwa kidole kimoja hangeweza kubonyeza vitufe viwili pamoja, na kile kimshale cha kuongozwa kwa kidole kilimkimbia kama kuku. Nikamwambia, "Basi niite mimi nihifadhi, sitasoma." Akaniangalia kwa lile jicho la zamani, lile la kuuliza nani amemaliza sukari guru, akaandika: NENO LA MZAZI HALIONJWI. Kisha akafuta. Akisikia hatua za mtu, hata kama ni mama anapita na ndoo, tap! Kifuniko kimefungwa. Na kila kikifungwa, neno limekufa.

Mara ya kwanza nilipoona ukurasa mweupe niliitukana ile mashine kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Baba alisubiri nimalize. Halafu akaandika, pole pole, herufi kwa herufi: USITUKANE. Akaniashiria niende zangu, akaanza tena.

Hapo ndipo nilipoanza kumshangaa baba yangu. Mvua ya mawe ikipiga chai, mkulima husimama kando ya shamba kidogo, haongei na mtu, halafu anakwenda kutafuta kazi nyingine mpaka machipukizi yatoke. Ndivyo alivyoutazama ule ukurasa. Alikaa kidogo, akapumua, akainua kidole. Mimi ningekuwa nimeshaitupa laptopu kwa ng'ombe.

Nilianza na yale ninayowafundisha wanafunzi: zima, subiri, washa. Ikafa. Nikasafisha feni kwa brashi. Ikafa. Nikaiambia mashine isilale kabisa hata ikifungwa, nikajiona mjanja sana. Alasiri hiyo hiyo mvua ya mawe ikashuka vile hushuka huku Silibwet, stima ikapotea, na betri yangu ya uzee ikikaa macho haifiki mbali. Ilikata roho na neno la baba ndani yake. Mama akaja, akaweka mkono juu ya kifuniko, akaiombea kama mgonjwa. Sikumkataza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeishiwa.

Baba mdogo akatukuta hivyo. Alikuwa ametoka kituoni kupeleka majani, na njiani kote alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akanguruma mpaka ng'ombe akageuka. "Wewe msichana, wacha kumsumbua mzee na hivyo vyuma. Nitasema mimi. Tena nitasema vizuri." Nikamjibu, "Baba mdogo, na yeye pia atasema vizuri." Mama akanivuta nguo. "Huo mdomo," akasema, "wakwe wakiusikia watarudia langoni."

Niliingia ndani na hasira yangu na mashine yangu. Laptopu ikianguka, yaani ikifa ghafla hivi, huacha rekodi ndani yake za jinsi ilivyoanguka, na mimi kwa uvivu wa mtu anayejua sana nilikuwa sijaziangalia. Nikaziangalia. Maneno yalikuwa ya kitaalamu, nikayatafuta moja moja kwenye simu, na nilipoyaelewa nilikaa chini.

Nimefundisha jambo hili kwa miaka kama kitufe tu. Bonyeza hapa, mashine italala. Sikuwahi kujiuliza inalalaje. Kumbe ukifunga kifuniko, inaanza kuwapitia wote waliomo ndani, mmoja mmoja. Skrini, lala. Skrini inaitikia. Kibodi, lala. Sauti, lala. Kila mmoja lazima aitikie, na asiyeitika anangojwa. Wote wakishaitikia, unaachwa umeme mdogo sana, cheche tu, wa kushikilia yale maneno ya mtu yasimwagike mpaka arudi. Na kama mmoja akinyamaza? Mashine inangoja, inangoja, halafu inaona heri ianguke yote kuliko kulala nusu. Kwetu aliyenyamaza alikuwa yule mnasa mtandao, kile kidude cha kushika Wi-Fi. Tangu apdeti, programu mpya iliyomwongoza haikuwa inamfaa, kwa hivyo aliambiwa alale na yeye hakujibu kitu. Wenzake wote walikuwa wameitikia vizuri na wakaanguka kwa sababu yake.

Woi! Nilitazama lile sanduku la plastiki lenye makovu ya chaki, nikaona haya kwa matusi yote niliyolitukana. Kuna mambo makubwa yanafanyika humo ndani kila tunapolifunga tukaenda kula ugali, na hakuna anayesema asante.

Nikaiondoa ile programu mpya, nikarudisha ya zamani. Nikaandika upuuzi wangu, ng'ombe wetu ana kiburi, bila kuhifadhi. Nikafunga. Nikachukua kikapu, nikaenda kuchuma mistari ya chini kule mtoni ili nisije nikaichungulia mapema. Niliporudi nikaiendea kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Nikafungua. Ng'ombe wetu ana kiburi. Kile kimstari kidogo kilikuwa kinapepesa mwishoni mwa neno, kinanisubiri. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka.

Nikambebea baba, nikamweleza yote, vile kila kiungo huulizwa na vile mmoja alikataa kuitika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaandika, na huku bega lake zima limeanza kutikisika kwa kicheko: KUMBE NA YEYE ALIKUWA NA KIHARUSI. Nilicheka na yeye, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na baba akanipiga begani kwa ule mkono mzima.

Baada ya hapo sikumsogelea. Nilikuwa nikimwona kutoka shambani, kichwa chini, kidole juu. Mtu akipita anafunga. Akishapita anafungua, anaendelea. Nilijua anaandika jambo refu. Siku zote zile, na kuanza upya mara zote zile, nilifikiri ni kurasa na kurasa.

Wakwe walikuja mvua ikiwa imetangulia. Wakafuta viatu mlangoni, wakaombewa, wakapewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, na chai. Stima haikuwepo, na hilo halikumshangaza mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa jikoni na shangazi zangu mpaka niitwe, lakini dirisha la jikoni linatazamana na la sebuleni, na mvua ilikuwa imetulia, kwa hivyo nilisikia kila kitu. Baba mdogo akasimama. Akasafisha koo. Halafu shangazi aliyekuwa karibu na dirisha akanong'ona, "Baba yako anamwonyesha ile mashine. Anataka isomwe."

Nilishika mwiko kwa mikono miwili. Laptopu ilikuwa imelala tangu asubuhi, bila stima, na betri ile ya uzee, na mzee hakuhifadhi chochote, ninamjua. Amka, nikasema moyoni. Haki amka, sitakutukana tena maisha yangu yote.

"Ee, imewaka," sauti ya baba mdogo ikasema. Shangazi akanivuta karibu na dirisha.

Baba mdogo akaanza kwa sauti yake ya ng'ambo ya bonde.

"'Wageni wetu, karibuni. Mimi siwezi kusema lakini ninasikia. Mtaambiwa huyu msichana ana hasira. Ni kweli. Nilipoanguka, watu walikuja, wakalia, wakasema nimekwisha. Hata ndugu yangu alilia. Msichana hakulia. Alikasirika. Aliniambia, baba, amka, hatujamaliza. Kila asubuhi alinivuta kutoka kitandani mpaka nikamchukia. Leo nimetembea mwenyewe mpaka kwa hiki kiti.'"

Sauti ikakatika. Nikasikia kikohozi, kisha kiti kikisogezwa. Baba mdogo, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alikuwa amekosa sauti ya kusoma maneno ya mtu mwingine.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, ya upole, yenye lafudhi ya kwao. Alikuwa mama yake mwanamume wangu. "Lete hapa, mzee," akasema. "Wacha nimalizie."

Akatafuta mahali palipoachwa. Alisoma taratibu, kama mtu anayesoma Biblia ya wenyewe.

"'Akija kwenu, hasira yake itakuja na yeye. Msimwambie apunguze.'"

Basi. Ndiyo ilikuwa yote. Nilingoja aendelee, na sebuleni nao wakangoja.

"Msimwambie apunguze," mama mkwe akarudia, na shangazi akaniambia kwamba mara hii hakuwa anaangalia skrini.