Boksi la Maswali la Mwalimu wa Baiolojia

Mwalimu wa baiolojia ana mikono isiyotulia: kabla ya kusema lolote hupangusa ubao hata kama ni safi, kisha husugua miwani yake kwa ncha ya mtandio. Miaka ya nyuma, akifika kwenye sura ya uzazi, alisimulia chavua na maua kwa kirefu, akakohoa, akasema, "Yaliyobaki mtasoma wenyewe nyumbani." Siku hizi huweka boksi la viatu mezani, wanafunzi wakatumbukiza maswali bila majina, naye huyasoma yote kwa sauti ileile anayoitia mahudhurio.

Jumanne alifungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Nimetokwa na damu. Je, nitakufa?" Wa nyuma wakacheka. Mwalimu akavua miwani. "Mimi niliandika wosia," akasema. Darasa likamkodolea macho. "Kweli kabisa! Gauni langu nilimwachia dada. Shangazi alipogundua, akaniambia moja tu: 'Umekua, usiguswe na mwanamume.' Basi wiki nzima nikakataa kupokea sahani kwa kaka yangu, nikiogopa mimba!" Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka mpaka akashika meza. Kisha akachora mfuko wa uzazi, akaeleza hatua kwa hatua damu hiyo inatoka wapi na kwa nini. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Msichana wa dirishani akanyoosha mkono polepole.

"Mwalimu, karatasi ile ni yangu. Kwa hiyo sifi?"

"Hufi, mwanangu. Kesho nataka kazi yako ya nyumbani."